Pumzi za Araksi

Kila alasiri, chai ikishaondolewa mezani, Hrant Bedelian alivaa hedifoni zake kuukuu shingoni, akaketi kando ya dirisha la chumba chake na kumngoja mkewe aanze kusoma. Hedifoni zenyewe hazikuunganishwa na kitu chochote. Waya wake ulining'inia tu hadi magotini, na Ligaya, mama wa Kifilipino aliyemhudumia pale kwenye nyumba ya wazee ya Glendale, alikwisha acha kujisumbua kumwuliza kwa nini. Yeye aliiweka tableti mezani, akabonyeza kitabu kilekile cha siku zote, na sauti ya Araksi ikatoka.

Araksi mwenyewe alikuwa amezikwa miaka kadhaa nyuma.

Mzee huyu alikuwa amesahau mambo mengi mno. Alisahau kama amekula, alisahau anaishi mji gani, na kuna siku alimwita binti yake "dada" na kumwomba kwa adabu kabisa amwonyeshe choo kilipo. Lakini hicho kitabu alikijua nje ndani. Alifumba macho akasikiliza, mkono wa kulia umelala juu ya meza, na mara kwa mara aligonga meza kwa vidole, mara mbili. Mwanzoni Ligaya alidhani ni mikono ya uzee tu inayotetemeka. Talin, binti wa Hrant, ndiye aliyemfafanulia kwamba kila baba anapogonga, hapo ndipo mama alipokosea siku ya kurekodi. Kosa lilifutwa zamani, hakuna sikio la mtu mwingine lingeweza kulisikia. Yeye bado alilisikia, na kila siku alimrudisha mkewe nyuma, na kila siku mkewe alirudia vizuri.

"Kwa hiyo babu yuko kazini," Ligaya alisema.

"Yuko kazini," Talin akakubali.

Na kweli alikuwa kazini. Maisha yake yote Hrant alifanya kazi ya sauti kwenye filamu. Alikuwa yule mtu anayesimama pembeni na maikrofoni kwenye fimbo ndefu, mabega yanamuuma, na watazamaji hawajui kama amewahi kuzaliwa. Mkewe alikuwa mwigizaji, ingawa ungemsimamisha katikati ya soko la Glendale hakuna ambaye angemtambua. Aliigiza jirani mmbea, nesi wa zamu, mama anayelia nyuma ya utepe wa polisi. Hollywood ilimpa mistari miwili miwili kama mtu anayetupia kuku punje, naye aliiokota yote na kushukuru. Alipofika umri ambao hata akina mama wa kulia walitafutwa walio vijana kidogo, akahamia kwenye vitabu vya kusikiliza. Huko hakuna aliyeuliza sura yako ikoje. Alisoma vya mapishi, vya mapenzi, vya jinsi ya kupunguza tumbo, na akagundua kwamba sauti yake ilikuwa na kazi nyingi kuliko uso wake ulivyowahi kuwa nazo.

Ulipoingia mwaka wa korona studio zilifungwa, na mchapishaji mmoja mdogo akamwomba asome riwaya yake nyumbani. Iliitwa Nyumba ya Zabibu Kavu, habari za dada watatu wa Kiarmenia kule Fresno waliorithi shamba la mizabibu pamoja na ugomvi wake wote. Hrant, aliyekuwa amestaafu na kuchoka kustaafu, alilijaza makoti kabati la nguo la chumbani ili yameze mwangwi, akamwekea mkewe kigoda na taa ndogo humo ndani, kisha yeye akaketi nje ya mlango na hedifoni masikioni, akifuata maandishi kwa kidole. Araksi akijikwaa, Hrant aligonga mlango mara mbili. Aliirudisha sauti nyuma maneno machache, Araksi akajisikia kwenye hedifoni zake mwenyewe pale alipoishia, akavuta pumzi na kuingia katikati ya sentensi yake mwenyewe, pasiwe na mtu wa kujua kwamba palikatwa. Nyumba yao ya North Hollywood ilikuwa chini kabisa ya njia ya ndege zinazoelekea Burbank. Ndege ikipita, Hrant aliinua kiganja kwenye upenyo wa mlango na wote wawili wakangoja. Siku nyingine walingoja mpaka wakacheka, na kicheko nacho ikabidi kikatwe.

Jambo moja Hrant alikataa katakata. Mafundi wa studio hufuta pumzi za msomaji ili maneno yatiririke bila kizuizi. Yeye aliziacha zote. Alimwambia mchapishaji kwamba mke wake anapumua, na asiyetaka kumsikia akipumua akasome mwenyewe.

Talin wakati huo alikuwa na mambo yake. Naye alikuwa mwigizaji, Mungu amhurumie, na alikuwa amerithi kwa mama yake nywele nyeusi, nyusi nzito na mistari miwili miwili. Aliigiza mke wa gaidi mara nyingi hadi akaacha kusoma maandishi ya filamu kabla ya kuvaa baibui. Aliwahi kulala maiti siku nzima juu ya meza ya chuma, na baadaye rafiki zake wakamtania kwamba hiyo ndiyo kazi pekee aliyopewa uso wake ukaonekana vizuri. Jumapili alikwenda kula kwa wazazi, na mama yake, huku akimwongezea wali, alimwuliza kama amekisikiliza kile kitabu. Talin alijibu kwamba ndiyo, amekaribia katikati. Hakuwa amekaribia popote. Alisikiliza dakika chache za mwanzo garini akienda kwenye usaili, akazima ili akariri mistari yake.

"Ukimaliza niambie," Araksi alisema. "Mwisho wake nimeusoma vizuri. Baba yako alilia huko nje nikamsikia."

Araksi akaugua, akafa. Akili ya Hrant ikaanza kumponyoka kidogo kidogo, na ilipobidi ahamie nyumba ya wazee, Talin ndiye aliyeifunga nyumba. Alifanya kazi ile peke yake kwa uchungu na kwa haraka. Makoti alitoa sadaka. Zile diski nzito ambamo baba yake alihifadhi kazi zake alizipeleka kule wanakokusanya vyombo vibovu vya umeme, kwa sababu hakujua zina nini, na cha muhimu kilikuwa tayari kimo kwenye tableti. Alikuwa amekinunua kitabu cha mama yake kwenye duka la mtandaoni kwa jina la baba. Kimenunuliwa, kimelipiwa, kimo. Tena aliipanga tableti ijiendeshe yenyewe, ipokee kila kipya bila kuuliza, ili Ligaya asisumbuliwe na maswali kwenye kioo. Alichobakiza kwa ajili ya baba yake ni hedifoni, maana mzee aling'ang'ania kutozivua.

Basi, katika hali hiyo, bahati ikamkuta Talin. Wakala wake, Desmond Pruitt, alimpigia simu akiwa kwenye foleni ya kufua nguo.

"Bibie, keti kwanza," Pruitt alisema.

"Hakuna pa kukaa, Desmond. Sema."

Kampuni moja kubwa ya tamthilia ilikuwa imenunua Nyumba ya Zabibu Kavu. Ilitaka waigizaji wa Kiarmenia wa kweli, si wa kupakwa nyusi. Talin alikuwa amefanya usaili miezi mingi nyuma na kuufuta moyoni ili usimwume. Sasa alikuwa amepata. Angekuwa Siran, dada wa kati, mwenye ulimi mkali, na jina lake lingetokea mwanzoni kabla hadithi haijaanza, si mwishoni pamoja na madereva na wapishi. Aliketi sakafuni pale pale kwenye chumba cha kufulia na kulia, na mama mmoja asiyemjua akampa kitambaa cha kujifutia.

Likafuata la pili. Mchapishaji mkubwa alikuwa amechukua kitabu kutoka kwa yule mdogo, na alitaka toleo jipya la kusikiliza litoke siku moja na tamthilia, lisomwe na Siran mwenyewe. Talin aliona ni heri juu ya heri, kwani angesoma kitabu alichokisoma mama yake. Alichouliza kilikuwa kimoja tu.

"Na ya mama itakuwaje?"

"Itabaki pale pale," Pruitt alijibu. "Vitu vya mtandaoni haviozi."

Hakuwa amemwuliza mtu yeyote, yule Pruitt. Alijibu kama mawakala wanavyojibu, ili mteja afurahi na simu iishe. Na Talin akaridhika upesi, kwa sababu hakutaka kusikia jibu jingine.

Alirekodi kwa wiki mbili kwenye studio nzuri ya Burbank, kiti cha ngozi, chai ya tangawizi, ukuta usiopitisha hata mlio wa ndege. Watu walimwambia asikilize kwanza toleo la zamani, akakataa, akasema hataki kuiga. Ilikuwa sababu ya kitaalamu na yenye heshima. Ilimwepusha pia na kuketi peke yake na sauti ya marehemu mama yake, jambo ambalo aliliahirisha tangu siku ya mazishi. Siku moja, alisema moyoni, shughuli zikipungua. Alisoma vizuri. Mafundi wakamsifu, wakachukua kazi yake na kuisafisha, wakang'oa kila pumzi aliyovuta.

Siku tamthilia ilipotoka, Talin alikwenda Glendale mchana na kisanduku cha gata, ule mkate mtamu ambao baba yake hakuwahi kuukataa hata akili ikiwa mbali namna gani. Ligaya alimlaki mlangoni akicheka.

"Dada, njoo uone. Umeingia kwenye tableti ya babu."

Na kweli alikuwa ameingia. Picha ya zamani ya jalada, tawi la mzabibu tu, ilikuwa imeondoka. Mahali pake palikuwa na uso wa Talin, mkubwa, amefunga kitambaa kichwani na kukaza macho kuelekea jua. Ligaya aliwaita wahudumu wenzake, wakapokezana tableti, wakamwomba Talin akunje uso vilevile, akakunja, wakacheka wote. Talin alikuwa na furaha ya kweli. Alimwonyesha baba yake.

"Baba, unamwona huyu?"

Hrant aliangalia kwa heshima ya mtu anayeonyeshwa picha za wajukuu wa watu wengine. Akazipanga hedifoni shingoni na kuweka mkono mezani. Saa ya kazi ilikuwa imefika. Ligaya akabonyeza.

Ikatoka sauti ya Talin.

Mwanzoni Talin mwenyewe hakuelewa, alidhani Ligaya amebonyeza kingine. Hakukuwa na kingine. Kitabu kilikuwa kimoja kama siku zote, jina lilelile, mahali palepale, ila aliyekuwa ndani yake alikuwa ametolewa na mwingine kuingizwa. Hrant alifumbua macho. Alimtazama binti yake, akautazama mdomo wake ambao haukuwa ukisema kitu, akaitazama tableti.

"Nani huyu?"

"Ni mimi, baba. Nakusomea."

Akasikiliza tena, kichwa amekiinamisha, kama alivyofanya kazini miaka yote.

"Huyu hapumui," alisema. "Huyu mwanamke hapumui."

Aligonga meza mara mbili. Sauti haikurudi nyuma. Aligonga tena kwa nguvu zaidi, na msomaji akaendelea tu, laini, safi, hana hili wala lile. Hrant aligonga na kugonga mpaka vidole vikawa vyekundu, na Ligaya akaizima tableti, na wale wahudumu waliokuwa wakicheka wakatoka mmoja mmoja bila kuaga. Gata lilibaki kisandukuni.

Talin alianza kutafuta jioni ileile. Duka la mtandaoni lilimjibu kwa ukarimu kwamba toleo lake limeboreshwa bila malipo yoyote, afurahie. Alipobisha, wakamweleza kwa lugha ileile ya tabasamu kwamba alichonunua ni ruhusa ya kusikiliza kitabu, na ruhusa bado anayo. Mchapishaji mkubwa alisema haki za usomaji wa zamani zilikwisha na wao hawakupokea sauti yoyote. Mchapishaji mdogo alikuwa amefunga ofisi na simu yake inaita bila kupokewa. Alikwenda hata kule wanakokusanya vyombo vibovu, akiwa na miwani ya jua usoni, na mzee mmoja wa pale akamwambia kwa upole kwamba diski zikifika husagwa siku hiyohiyo. Aliuliza hivyo akijua jibu. Alichotaka ni mtu wa kumgombeza, na hakumpata.

Alimpigia Pruitt.

"Uliniambia haviozi."

"Havijaoza, bibie. Vimebadilishwa." Pruitt hakuwa mtu mbaya, ni mwepesi tu wa maneno. "Nisamehe. Kwani hamkubakiza nakala nyumbani? Baba yako si mtu wa sauti?"

Talin alikata simu.

Wakati huo baba yake alikuwa anaharibika. Alisukuma sahani. Aligonga meza, akagonga ukuta, akagonga mlango wa kabati la nguo la chumbani mwake, mara mbili mbili, akangoja, sikio kwenye ubao. Talin alimletea sauti ya mama yake ya vitabu vingine, maana hivyo bado vilikuwepo dukani, vya mapishi na vya mapenzi, vyote vya studio. Ilikuwa sauti ya Araksi kabisa. Hrant alisikiliza kidogo akavua hedifoni shingoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata akilala, na kusema kwamba hao waliomshika Araksi wamemkata pumzi, watamwua. Machozi yakamtiririka. Talin alizima, na tangu hapo hakumletea tena.

Tamthilia nayo ilipaa. Watu walimsimamisha Talin dukani. Mwanamke mmoja alimshika mkono mbele ya friji za maziwa na kumwambia kwamba amekisikiliza kitabu chote akiwa amelazwa hospitalini, na sauti yake ndiyo iliyomvusha. Talin alimshukuru, akapiga picha naye, akaenda kukaa garini. Alichokiomba miaka ishirini alikuwa amekipata, na kila aliyemsifu alikuwa anamsifu kwa kitu kilichomfuta mama yake duniani. Alichukia sauti yake mwenyewe. Alisema hivyo kwa mdomo wake, peke yake mle garini, na sauti iliyosema ndiyo ileile.

Kisha akakipata kionjo. Ilikuwa kwenye duka dogo la vitabu vya mtandaoni, la watu wachache wapenda vitabu, ambalo hata yeye hakuwa akilijua. Walikuwa wamebadilisha jalada, wakaweka jina lake, wakaandika sifa zake. Walichosahau kubadilisha ni kile kionjo cha bure, zile dakika chache ambazo mteja anasikiliza kabla ya kununua. Talin alibonyeza huku akitarajia kujisikia, akasikia mtu anavuta pumzi, kisha mama yake akaanza.

Alichokuwa amekosa kukifanya na diski za baba yake, safari hii alikifanya kwanza kabla ya kulia. Alikinakili kwenye simu, akanakili tena kwenye kompyuta. Ndipo alipowaandikia wenye duka kwa adabu, akawauliza kama kwa bahati yoyote wanayo sauti yote ambamo kionjo kile kilikatwa. Jibu lilikuja asubuhi. Walimshukuru sana kwa kuwajulisha kosa lao, wakafurahi kuandikiwa na Siran mwenyewe, na wakamhakikishia kwamba tayari wamelisahihisha. Alipofungua ukurasa ule akasikia sauti yake.

Basi zikabaki zile dakika chache alizozinakili, na hizo tu.

Alizipeleka Glendale alasiri, chai ikiwa imeondolewa. Hrant alikuwa amekonda, shati limemlegea shingoni, anatazama dirisha bila kutazama kitu. Ligaya alimvalisha hedifoni kama mtu anayemvalisha mtoto kofia, akamnong'oneza Talin kwamba leo hajala, akaondoka na kurudishia mlango. Talin aliketi mkabala na baba yake, akaweka simu kati yao. Mkononi alikuwa na kitabu cha karatasi.

Araksi akavuta pumzi.

Hrant alifumba macho. Uso wake ulifunguka polepole, na mkono wa kulia ukaja wenyewe kulala mezani. Mama alisoma habari za shamba, za vumbi, za baba wa wale dada watatu aliyerudi kutoka mjini na shoka jipya. Hrant aligonga mahali pamoja, mara mbili, akaridhika. Talin alisikiliza pamoja naye, na ndani ya zile dakika alijua, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwamba mama yake alikuwa mwigizaji mkubwa kuliko yeye.

"Siku ile baba yao alipong'oa mzabibu wa kwanza," Araksi alisoma, "hakuna hata mmoja wa wale dada aliyelia, kwa sababu…"

Na hapo kionjo kikakatika.

Hrant alingoja. Akagonga meza mara mbili. Kimya. Akagonga tena, na kile kikunjo cha hofu kikaanza kurudi kwenye paji lake.

Talin alichukua simu akairudisha nyuma maneno machache. Mama yake akasema tena kwamba hakuna hata mmoja wa wale dada aliyelia, kwa sababu, na Talin akaingia: "Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayeanza." Ilikuwa sauti ya Siran, ile ya studio, ya kiti cha ngozi. Hrant aligonga mara mbili papo hapo bila kufumbua macho.

Talin akarudisha. Hakuna hata mmoja wa wale dada aliyelia, kwa sababu. Talin akaingia. Hrant akagonga.

Akarudisha tena, na tena. Pua zilikuwa zimeziba kwa machozi, hakuna kitu alichofundishwa kilichobaki. Mama yake aliishia pale alipoishia kila mara, na Talin, ili apate tu kuongea, akavuta pumzi kubwa yenye kelele kupitia mdomoni.

"Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayeanza."

Vidole vya Hrant vilibaki vimetulia.

"Hapo," alisema. "Hapo, Araksi jan, mpenzi wangu. Palipokatwa hapatasikika hata kidogo. Endelea."

Talin aliendelea. Alisoma ukurasa wote, akipumua kwa sauti, akikosea, akigongewa, akirudia. Nje ndege ilisikika ikishuka kuelekea Burbank, na Hrant akainua kiganja. Wakangoja wote wawili. Mzee alikuwa anatabasamu.

"Talin akija," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea kupitia upenyo wa mlango, "mwambie akisikilize hiki kitabu. Kila Jumapili anasema atasikiliza."

Talin aliifuta karatasi iliyolowa machozi.

"Nitamwambia," alisema.

"Usimgombeze lakini. Ana shughuli nyingi yule mtoto."

"Simgombezi."

Ndege ikapita. Hrant alishusha kiganja akamnyooshea kidole, ishara ya kuanza, na Talin akavuta pumzi na kuisoma sentensi iliyofuata, ambayo hakuwahi kusikia mama yake aliisomaje.